Ratiba ya wiki 12 kwa kilomita 21: maswali tunayoulizwa kila msimu

Novemba ikikaribia kwisha, ujumbe huanza kumiminika kwenye simu yangu. Mtu amejisajili kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon kule Moshi, mbio zenyewe ni mwishoni mwa Februari, na sasa anataka "ratiba". Wengine wanasema wameshakuwa wakikimbia muda mrefu ila kasi imegoma. Nimeyakusanya hapa maswali yanayojirudia zaidi. Majibu ni ya mtu wa kawaida wa Dar es Salaam mwenye kazi, watoto na foleni ya Mwenge. Kama unamaliza kilomita 21 chini ya saa moja na nusu, wewe una kocha wako, usipoteze muda hapa.

Nakimbia kilomita tano kila siku, mwaka wa pili huu, lakini muda haushuki. Kwa nini?

Kwa sababu unakimbia tano zilezile, kwa kasi ileile, barabara ileile. Mwili ulishalizoea zoezi hilo zamani, hauna sababu ya kubadilika tena. Ukichunguza utakuta pia kasi yako ni ya katikati: unahema kiasi cha kuchoka, ila hujajibana kiasi cha kuushtua moyo. Kesho yake unaamka na uchovu wa jana, unakimbia vilevile.

Watu wengi wanadhani mwili unajengwa barabarani. Barabarani unabomolewa kidogo, na ujenzi unafanyika ukishakula na kulala. Ratiba ni mpango wa lini ubomoe, kiasi gani, na lini uwaachie mafundi wajenge.

Kila mtu anasema "kimbia mwepesi". Mwepesi ni upi hasa?

Hili ndilo swali lenyewe. Ukilielewa hili, nusu ya ukurasa huu unaweza kuiruka.

Kama ulisoma shule zetu, unaukumbuka mchakamchaka wa asubuhi: mmoja anaanzisha wimbo, darasa zima linaitikia, miguu inapiga chini kwa pamoja. Hakuna aliyekuwa akikimbia kwa kasi, maana ungekimbia kasi usingeweza kuitikia. Huo ndio mwendo mwepesi. Ukiwa na mwenzako, mzungumze sentensi nzima nzima. Ukiwa peke yako, imba ubeti mmoja, hata kama mlinzi wa geti atakushangaa. Ukikatika katikati ya mstari, punguza. Ukifika mlima na pumzi ikapanda, tembea hadi juu. Ndiyo, tembea.

Kwenye mwendo huo mwili hufanya kazi isiyoonekana. Vimishipa vidogo vya damu huongezeka ndani ya misuli, vinu vya nishati vilivyomo kwenye chembe huongezeka pia, moyo hujifunza kusukuma damu nyingi kwa pigo moja, na misuli huzoea kutumia mafuta ili sukari iliyohifadhiwa isiishe mapema. Kazi hiyo inahitaji saa nyingi, na saa nyingi huwezi kuzipata ukikimbia kama unafukuzwa.

Mtihani wa swali hili si mapafu, ni aibu. Unapitwa na kijana pale Daraja la Tanzanite, na mguu wenyewe unaongeza kasi bila kukuuliza. Mwache aende. Nilikaa misimu miwili nikishindana na watu wasiojua kwamba tunashindana, na Moshi nikaumbuka kilomita ya saba.

Shikamoo kocha. Wiki yangu iweje?

Marahaba, ila mimi si kocha, ni mkimbiaji mzee tu. Wiki ina siku nne za kukimbia. Tatu ni za mwendo wa mchakamchaka, moja ni ya kasi. Sisi hufanya hivi: Jumanne kasi, Alhamisi mwepesi wa dakika 40 hadi 50, Ijumaa mfupi mno wa nusu saa (huu ndio wa kwanza kuacha ukibanwa na kazi), na Jumapili mbio ndefu. Anayekwenda ibada Jumapili asubuhi aifanye ndefu Jumamosi. Jambo la kulinda ni kwamba siku ya kasi na siku ya mbio ndefu zisifuatane.

Jumatatu hakuna kukimbia. Usije ukaniambia Jumatatu ulienda "kunyoosha miguu kidogo, kilomita nane".

Na hizo wiki 12 zinapandaje?

Kabla ya kuanza, uwe unaweza kukimbia nusu saa bila kusimama. Kama bado, tumia mwezi mmoja kubadilishana dakika mbili za kukimbia na moja ya kutembea mpaka ufike.

Mbio ndefu za wiki zinakwenda hivi, kwa kilomita: 8, 9, 11, kisha inashuka 8, 12, 13, 15, inashuka 11, 16, 18, halafu 12, na wiki ya mwisho ni mbio zenyewe. Jumla ya wiki huanza kama kilomita 20 na kufika kilele cha 40 hivi kwenye wiki ya kumi. Umeona kila wiki ya nne inashuka? Watu huiona kama adhabu, wakati ndiyo wiki ambayo yale uliyoyafanya wiki tatu yanaingia mwilini. Ukianza Jumatatu ya kwanza ya Desemba, wiki ya kwanza ya kushuka huangukia Krismasi, au jirani yake sana. Sikuipanga hivyo kwa bahati. Najua pilau litaliwa.

Wiki mbili za mwisho unapunguza umbali, lakini usiue kasi. Jumanne endelea na mazoezi makali, ila machache. Wengi wakifika hapa huona miguu mizito, goti linauma ghafla, wanaingiwa na hofu na kwenda kukimbia kilomita 20 siku sita kabla ya mbio "kujipima". Hakuna zoezi la wiki ya mwisho litakalokuongezea nguvu kufikia Jumapili. Ya kukuchosha yapo mengi.

Kwa nini nisifike kilomita 21 kwenye mazoezi?

Unaweza. Kwa mtu wa kilomita 40 kwa wiki, naona faida ya kutoka 18 kwenda 21 ni ndogo kuliko uchovu wake. Tatu zilizobaki utabebwa na umati.

Siku ya kasi nifanye nini? Sina uwanja wa kukimbilia.

Uwanja hauhitajiki, saa ya mkononi inatosha. Pasha mwili joto dakika 15 kwanza, na umalizie na dakika 10 za mwendo mwepesi. Katikati ndipo penye kazi, na kazi hiyo inabadilika kadiri wiki zinavyosogea.

Wiki nne za kwanza ni milima. Tafuta mteremko wa wastani. Sisi huenda Mlimani, ndani ya Chuo Kikuu, ambako barabara zinapanda na kushuka na magari si mengi alfajiri. Panda kwa nguvu sekunde 45 hadi 60, shuka ukitembea, rudia mara sita, kisha wiki zinazofuata ongeza hadi kumi. Mlima unakupa nguvu ya vigimbi na mapaja bila kishindo kikubwa cha kukimbia kasi kwenye lami tambarare, na Moshi utaulizwa habari za milima.

Wiki nne za kati ni fatlek, kama wakimbiaji wa Bonde la Ufa wanavyoipenda: dakika moja kali, dakika moja nyepesi, mara 10, baadaye mara 15. Kali si kukimbia kufa. Ile ya kumi ikiwa polepole kuliko ya kwanza, ulianza na pupa.

Wiki nne za mwisho ni kasi ya kustahimili. Unakimbia dakika 8 hadi 10 kwa kasi ambayo unaweza kutoa maneno matatu kisha lazima uvute pumzi. Unapumzika dakika mbili, unarudia mara tatu. Ni kasi iliyo karibu na mpaka ambapo mwili huanza kuzalisha uchafu wa kazi haraka kuliko unavyoweza kuusafisha. Ukifanya kazi jirani na mpaka huo, mpaka wenyewe unasogea mbele, na muda wako wa kilomita 21 unasogea nao.

Nitajuaje nitamaliza kwa muda gani?

Mwisho wa wiki ya nane, ile ya kushuka, weka kilomita 10 za kujipima badala ya mbio ndefu ya 11. Chukua muda wako uzidishe kwa 2.2. Aliyekimbia 10 kwa dakika 55 anatarajia saa 2:01 kwa kilomita 21, wa dakika 60 anatarajia 2:12, wa dakika 70 anatarajia 2:34. Hesabu hii ni ya njia tambarare na kwa mtu aliyefanya mbio zake ndefu. Kwa Moshi mimi huongeza dakika tano hadi nane, halafu sihesabu tena.

Niige ratiba ya Kipchoge? Nimeiona mtandaoni.

Mkenya Eliud Kipchoge kwenye kambi ya Kaptagat hukimbia kilomita zaidi ya 200 kwa wiki, kwenye mwinuko wa mita 2,400 hivi, na baada ya mazoezi analala. Wewe baada ya mazoezi unapanda mwendokasi. Usiige umbali.

Iga mpangilio. Chini ya kocha Patrick Sang, mwenye medali ya fedha ya Olimpiki ya Barcelona 1992 katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, wiki yao kwa miaka mingi imekuwa na siku tatu tu ngumu: Jumanne uwanjani, Alhamisi mbio ndefu, Jumamosi fatlek. Siku nyingine ni mwendo mwepesi unaoanza polepole kiasi kwamba mtu wa kawaida angeweza kuandamana nao kilomita ya kwanza. Mtu aliyekimbia marathoni kwa 1:59:40 pale Vienna mwaka 2019 haoni aibu kujikokota asubuhi. Sisi wa saa mbili na nusu ndio tunaona aibu.

Ukitaka mfano wa nyumbani, yupo Alphonce Simbu. Alipata shaba ya marathoni kwenye mashindano ya riadha ya dunia London mwaka 2017, kisha akangoja miaka minane. Septemba 2025 kule Tokyo alichukua dhahabu ya marathoni kwa 2:09:48, akimpita Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03, kwenye hatua ya mwisho kabisa. Ni Mtanzania wa kwanza kupata dhahabu katika mashindano hayo ya dunia. Waliotazama wanazungumzia ule mchomoko wa mwisho. Mimi nazungumzia kilomita 40 za mwanzo alizokaa kwenye kundi bila kujionyesha.

Joto la Dar linaniua. Kasi inaniangusha hata nikijitahidi.

Si wewe, ni hewa. Jasho linapoza mwili pale linapokauka, na Januari yetu ya unyevunyevu jasho linatiririka tu bila kukauka. Moyo unalazimika kupeleka damu kwenye ngozi ili ipoe, misuli inabaki na kidogo. Kwa hiyo mapigo yanapanda kwa kasi ileile.

Toka saa kumi na moja alfajiri. Siku za joto kali sahau kasi kwa kilomita, kimbia kwa kufuata pumzi; mimi hujikuta nimepungua sekunde 20 hadi 30 kwa kila kilomita na siumii moyo. Mtu aliyetoka baridi, tuseme ndugu zetu wanaokuja likizo kutoka Ulaya na kujiunga nasi Desemba, ajipe siku 10 hadi 14 kabla ya kudai chochote. Baada ya hapo mwili huongeza maji ya damu na kuanza kutoka jasho mapema, na faida hiyo unapanda nayo hadi Moshi kwenye asubuhi yenye ubaridi kidogo.

Ninywe maji kiasi gani?

Kunywa ukisikia kiu. Kwenye mbio usipite kila meza ukijijaza maji matupu kwa hofu. Maji mengi kupita kiasi hupunguza chumvi kwenye damu, na hilo limewahi kuwaua wakimbiaji wa marathoni. Mazoezi ya zaidi ya saa moja na nusu, weka chumvi kidogo na sukari, au madafu.

Nile nini?

Chakula chetu kinafaa kuliko tunavyodhani. Ugali, wali, viazi vitamu, ndizi, mihogo: ndiyo mafuta ya gari hili. Usiku wa kuamkia mbio ndefu kula sahani ya kawaida ya wanga, si mlima. Asubuhi, kama saa moja na nusu kabla, ndizi mbili au mkate na chai au uji mwepesi. Maharage na maziwa yaache mpaka urudi. Mbio za zaidi ya dakika 90 zinadai sukari njiani, gramu 30 hadi 60 kwa saa, na tende nne tano mfukoni zinakufikisha kwenye 30. Zijaribu kwanza kwenye mazoezi. Siku ya mbio si siku ya kulitambulisha tumbo kwa mgeni.

Hasa kwa dada zetu: kama unachoka bila sababu wiki baada ya wiki na kupanda ngazi kunakupandisha mapigo ya moyo, pima wingi wa damu kabla ya kulaumu ratiba. Maini, dagaa na mboga za majani zilizokamuliwa ndimu zinasaidia madini ya chuma. Chai inayonywewa pamoja na chakula inazuia chuma kuingia mwilini, kwa hiyo isubirishe saa moja baada ya kula. Najua nimegusa pabaya.

Ramadhani ikiingia katikati ya ratiba?

Mwaka 2026 ilianza wiki ileile ya Moshi, na tulikuwa na wenzetu kadhaa waliofunga. Mazoezi mepesi wanayafanya dakika 40 kabla ya futari, ili maji yawe karibu. Ya kasi na marefu yanahamia usiku, saa mbili hivi baada ya kufuturu au baada ya tarawehe. Punguza umbali kwa theluthi moja na ulinde usingizi wa mchana. Mwezi huu ni wa kutopoteza ulichonacho.

Muundi unauma. Niendelee?

Tofautisha. Maumivu yaliyosambaa kwenye msuli, yanayopungua ukishapata joto, ni ya kawaida. Punguza siku mbili, endelea. Maumivu unayoweza kuyaonyesha kwa ncha ya kidole kimoja juu ya mfupa, yanayozidi kadiri unavyokimbia na kukuamsha usiku, simama leo hii na uende hospitali. Huenda mfupa umeanza ufa. Ufa unaogunduliwa mapema unadai wiki sita hadi nane. Unaokimbiwa juu yake unadai msimu.

Chanzo karibu kila mara ni kimoja: kuongeza umbali na kasi kwa pamoja, tena kwa pupa. Viatu husingiziwa sana.

Basi viatu ninunue vya bei gani?

Vinavyokukaa vizuri. Vya mtumba si dhambi, nusu ya kundi letu wanavaa vya Karume, lakini kague soli. Bonyeza sponji kwa kidole gumba: ikiwa ngumu kama ubao au ina mikunjo, imeshakufa, hata kama juu panang'aa. Kiatu kizima kinakupa kilomita 500 hadi 800. Acha nafasi ya upana wa kidole gumba mbele, maana mteremko wa Mweka, kwenye njia ya mbio za Moshi, unasukuma vidole na kucha zitalia.

Nikipata malaria katikati ya ratiba?

Homa ikiwepo, hakuna kukimbia, hata kidogo. Maliza dozi, subiri homa iishe, kisha wiki nzima ya mwendo mwepesi tu. Wiki uliyokosa usiifidie.

Kichomi kinanibana ubavuni kila nikianza.

Ulikula karibu mno na muda wa kukimbia, au ulianza kwa kasi. Punguza mwendo, toa pumzi ndefu kwa mdomo mara kadhaa huku umebonyeza pale panapouma. Kinaondoka.

Kunyanyua vyuma kunasaidia?

Kunasaidia, lakini huhitaji gym. Mara mbili kwa wiki, dakika 15: simama kwenye ngazi ya nyumbani, shusha visigino na kuvipandisha polepole mara 15, mguu mmoja mmoja. Kisha kuchuchumaa na kuinuka mara 15, na kujishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka, sekunde 40. Kano za visigino zitakushukuru mlimani.

Siku yenyewe Moshi, nikimbieje?

Mji uko kama mita 800 hadi 900 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mwinuko wenyewe hautakutisha. Kinachotisha ni mpando. Kwa miaka mingi njia ya kilomita 21 imekuwa ikipanda nusu ya kwanza kuelekea Mweka, kisha inageuka na kushuka. Mbio zinapotezwa kilomita tatu za mwanzo, ngoma zinapigwa, watoto wananyoosha mikono, na wewe una miguu iliyopumzika wiki mbili. Hapo ndipo uimbe ule mchakamchaka kimoyomoyo. Usiangalie kasi kwenye saa wakati wa kupanda. Fupisha hatua, weka pumzi palepale. Wengi wanaokupita hapo utawakuta kwenye migomba huko juu wakitembea wameshika viuno.

Ukigeuka, usijitupe mteremkoni. Hatua fupi za haraka, mwili umeinama mbele kidogo, usibreki kwa visigino. Kilomita nne za mwisho, kama bado una kitu, kitoe chote.

Baada ya hapo nipumzike muda gani?

Wiki moja ya kutembea tu, ya pili mwendo mwepesi. Mapaja yatauma siku ya pili kuliko ya kwanza, kwa sababu kushuka mlima kunavuta msuli huku ukijikaza, na hilo linaumiza nyuzi zake kuliko kupanda. Jumanne ofisini, kama lifti ni mbovu, shuka ngazi kinyumenyume ukishika ukuta. Watacheka, ila utafika chini.